Hodi kwa Vibibi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeitwa kiwandani. Dereva alikuja na gari, akabisha hodi mlangoni kwa adabu, akangoja mpaka nimkaribishe. Siku ilianza vizuri, na ningependa kukumbuka hivyo.

Boila imezimwa kwa matengenezo ya mwaka. Kiwanda cha karatasi bila mvuke ni kama kanisa siku ya kazi – unasikia hatua zako mwenyewe. Nilipanda hadi chumba cha paneli. Vibibi vyangu, vile vidhibiti vya akiba vya boila, vipo! Vimejipanga ukutani vilevile, kila kimoja na mishale yake miwili, swichi yake, na kishikio cheusi kilicholainishwa na vidole vyetu. Kompyuta ndiyo inayofanya kazi siku zote. Vibibi hukaa tu, vikingoja siku kompyuta itakapozimika, ili mtu ageuze swichi na kuiendesha vali kwa mkono wake. Ndiyo maana tuliviita vibibi. Vimekaa pembeni, havisemi neno, vinawaangalia wajukuu wasije wakajiunguza.

Domo, ambaye bado yuko zamu na bado hajajifunza kunyamaza, alinipokea kwa kelele: Mzee Hodi! Umekuja kuwajulia hali wake zako? Nilimwomba awe na adabu. Kisha nikacheka, samahani.

Aliyeniita ni binti yangu. Pale hawamwiti binti yangu, wanamwita Injinia. Anataka kuviondoa vibibi vyote na kuweka vipya wakati huu ambapo boila ni baridi, na michoro ya nyaya za zamani haieleweki. Nilikuwa nikimwonyesha waya upi unakwenda wapi. Alipotoka kutafuta tochi, akaingia Meneja, yule ambaye wafanyakazi humwita Bwana Punguza. Akanisalimia vizuri. Akaniuliza, eti hivi vitu bado vinafanya kazi? Nikasimama wima, nikamjibu: Vinafanya kazi vizuri sana, Bwana Meneja, havijawahi kutuangusha.

Akanipiga begani. Akasema ndiyo maana anawapenda wazee.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefanya jambo la kijinga.

Binti yangu amerudi jioni, hakuvua hata viatu. Aliketi akaniangalia kama mama yake alivyokuwa akiniangalia nilipowakopesha watu mwamvuli. Ombi lake la vibibi vipya limefutwa. Meneja amesimama kikaoni mbele ya wote akasema, mzee mwenyewe aliyeviendesha amethibitisha kwamba ni vizuri sana, sasa Injinia anatafuta nini?

Kwa nini, Baba? Aliniuliza hivyo tu.

Nikamwambia nilimjibu mtu aliyeniuliza kwa upole. Mtu akikuuliza habari za nyumbani kwako, huanzi kumhesabia nyufa za ukuta! Akasema, Baba, hakuuliza habari za nyumbani.

Akanieleza polepole, na ule upole wake ndio ulioniumiza. Spea hazitengenezwi tena popote. Vibibi viwili vilivyokufa vimeshanyonyolewa kama kuku ili kuviponya vingine. Hivi vipya vinaingia katika matundu yaleyale ya paneli, mtu hata hahitaji kukata bati. Lakini kazi hiyo hufanyika boila ikiwa baridi tu, na boila ikishawashwa, basi, mpaka mwakani. Meneja alikuwa na wazo lake pia: vibibi vichorwe kwenye skrini, mtu abonyeze picha. Picha! Kompyuta ikizimika, picha nayo imezimika. Ni sawa na kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba, kisha ukaufunga mlango kwa nje.

Na kibibi cha vali ya maji kikigoma siku hiyo, maji yanakatika, moto unaendelea kuwaka chini ya boila kavu. Hakuhitaji kunieleza hilo. Chumba cha paneli kimetenganishwa na boila kwa ukuta mmoja, na nyuma ya ukuta huo ndipo anapokaa binti yangu.

Nimekasirika. Sijui bado nimemkasirikia nani zaidi. Naomba radhi kwa mwandiko huu, kalamu inachimba karatasi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwenda kulirudisha neno langu.

Nilibisha hodi mlangoni kwa Meneja. Kimya. Nikabisha tena. Nilimsikia akiongea kwa simu kuhusu kiatu cha mtu, sijui kiatu gani. Nikakaa kwenye benchi la nje kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Katibu wake alinionea huruma akanipa maji. Padri aliyetufundisha alikuwa akisema kwamba mlango usiofunguliwa haufunguliwi kwa bega. Leo nimelitazama bega langu.

Hatimaye nikaingia. Nikamwambia: Bwana Meneja, naomba radhi, juzi nilizungumza kwa haraka. Vibibi vimechoka. Injinia anasema kweli.

Akacheka! Akasema, Mzee wangu, juzi vizuri, leo vibovu, sisi tushike lipi? Au umepewa somo nyumbani? Akalisema hilo la mwisho huku akitazama karatasi zake.

Ningeweza kusema mengi. Nilisema: Asante kwa muda wako. Nimetembea kurudi nyumbani kwa miguu, nimelikataa gari, na njia nzima nikayasema yale mengi, kwa sauti, mpaka mwanamke muuza mkaa akaniuliza kama niko salama. Niko salama, mama, asante, samahani.

Meneja ameamua kesho vijaribiwe. Mimi mwenyewe niviendeshe, mbele ya watu. Vikikataa, atanunua vipya. Nimeshukuru. Angalau hiyo ni haki. Vitakataa. Lazima vikatae.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Havikukataa!

Vimefanya kazi vyote, kimoja baada ya kingine, kama vijana wa gwaride. Binti yangu alizima kompyuta. Nikageuza swichi ya kibibi cha maji, nikazungusha kishikio, na huko chini vali ikafunguka taratibu kama siagi. Domo alipiga makofi. Meneja alimtazama binti yangu tu, tabasamu likimwenea usoni kama doa la mafuta juu ya maji.

Nami – Mungu anisamehe – kwa nukta moja nilijisikia fahari.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, binti yangu alitazama nje mpaka tulipofika kwenye mzunguko wa barabara. Kisha akasema, Baba, umegonga.

Nikasema sikugonga.

Umegonga, Baba. Mara mbili kila kimoja, kwa kifundo cha kidole, kabla ya swichi.

Nimeutazama mkono wangu. Ni kweli. Nimegonga kama ninavyopumua.

Zamani kibibi kimoja kilikwama mshale. Nikakigonga kwa kidole, nikakiambia hodi, bibi, mshale ukaruka mahali pake, na chumba kizima kikacheka. Tangu siku ile ikawa sheria yetu. Hukigusi kibibi bila hodi. Mgeni akisahau alizomewa na kuwanunulia wenzake chai. Tulidhani tunacheza. Kumbe ndani, zile sehemu ndogo zinazogusana zilikuwa zikiota kutu mwaka hadi mwaka, na kidole ndicho kilichokuwa kikizishtua zishikane. Binti yangu amesema hivyo bila kupandisha sauti: kitu kinachohitaji kugongwa ni kitu kibovu, Baba. Ninyi mlikuwa mkikiponya kwa utani, na hakuna aliyeandika mahali kwamba ni kigonjwa.

Na vijana wa zamu za siku hizi hawabishi hodi. Nani awafundishe? Sisi tumestaafu.

Nimekikasirikia kidole. Mtu mzima, nimekaa mezani nimekikasirikia kidole changu mwenyewe!

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimekwenda kanisani. Tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilifunga mdomo. Nikajifanya nakohoa.

Meneja ni mpuuzi. Nimeliandika, nikalifuta, nimeliandika tena. Marehemu mke wangu alikuwa akisema hasira yangu inavaa tai kabla ya kutoka nje. Ingekuwa leo, Mama, ungeiona bila shati.

Binti yangu ameomba jaribio la pili. Safari hii bila kugonga. Na mwenye kugeuza swichi asiwe mimi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nilisimama nyuma, mikono nimeifumbata mgongoni. Meneja mwenyewe ndiye aliyegeuza. Alikunja mikono ya shati, akatutazama wote kama mtu anayekata utepe.

Kompyuta ikazimwa. Akageuza swichi ya kibibi cha maji.

Mshale haukusogea. Akazungusha kishikio kulia, akazungusha kushoto. Hakuna kitu! Na huko chini tulisikia vali ikijifunga yenyewe, kishindo kimoja kizito, kwa sababu isipopata amri hujifunga. Maji yamekatika. Kama boila ingekuwa na moto, sote chumbani mle tungekuwa tunakimbia.

Binti yangu alisema neno moja: Imefungwa.

Jasho lilimtoka Meneja. Niliona! Akasema, kwa nini haishiki? Mkono wangu wa kulia ulikuwa unataka kwenda, nikaushika kwa wa kushoto. Kibibi kile nimekitunza kuliko nilivyoitunza saa yangu ya mkononi. Nilikiangalia kikiaibika mbele ya watu, na nikakiacha kiaibike. Nilikuwa na furaha chungu ambayo sijawahi kuijua.

Ndipo Domo – lile domo lake! – akasema, ah, Meneja, hujabisha hodi. Akapita mbele, akakigonga, ko-ko. Mshale ukaruka. Vali ikafunguka.

Meneja akavuta pumzi. Akapangusa paji la uso. Kisha akasema, na ninaandika maneno yake kama alivyoyasema: Kumbe ni kugonga tu!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Wamebandika tangazo.

Ndiyo. Tangazo. Limechapwa kwa herufi kubwa, limefunikwa kwa plastiki lisiloweshwe na chai, limebandikwa juu ya vibibi: GONGA MARA MBILI KABLA YA KUTUMIA. KWA AMRI YA UONGOZI.

Binti yangu alinionyesha picha katika simu yake. Nilidhani ni mzaha wa Domo. Akasema, hapana Baba, na wafanyakazi wametia sahihi kwamba wameelewa.

Wameelewa nini? Siku kompyuta itakapozimika, taa nazo zitapepesa, ving'ora vitalia vyote kwa pamoja, simu itakuwa ikiita, na kijana wa zamu atakuwa akitetemeka mpaka magoti. Huyo ndiye asome tangazo? Huyo akumbuke ni mara mbili wala si moja? Na kibibi kikiamua siku hiyo kwamba mara mbili hazitoshi? Mimi nilikuwa nikijua kwa mlio. Kikiitika kwa mlio mkavu, kiko tayari. Kikiitika kwa mlio mzito, unarudia. Liandikeni hilo kwenye plastiki!

Nimepiga meza kwa ngumi. Kikombe kimeanguka, kimevunjika. Kilikuwa chake, marehemu. Samahani, Mama. Samahani sana.

Binti yangu amekataa kutia sahihi ya kuruhusu boila iwashwe. Wamemwambia afikirie kazi yake. Akawaambia anaifikiria, ndiyo maana. Nimemwona akiosha vyombo, akiisugua sufuria moja muda mrefu, sufuria iliyokwisha kutakata.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Meneja alikuja nyumbani kwangu! Alibisha hodi. Nikamkaribisha. Ningefanya nini? Amekuja kwa miguu yake, amevua kofia, ameleta mkate. Akaketi katika kiti cha marehemu mke wangu, ambacho hata binti yangu hakikalii, na sikuweza kumwambia ahame. Nikamtilia chai. Nikamwongezea sukari aliyoomba.

Shida yake ni hii. Mkaguzi wa usalama hataruhusu moto bila moja kati ya mambo mawili: sahihi ya Injinia, au mtu mwenye uzoefu wa vibibi akae mbele ya paneli mpaka boila itulie. Sahihi hana. Kwa hiyo ananitaka mimi. Boila itawashwa Jumatatu. Gari litanifuata asubuhi. Nitawekewa kiti chenye mto. Akacheka: Mzee wangu, wewe ndiye spea yetu, spea haipatikani dukani!

Nikamuuliza, na baada ya boila kutulia? Akasema, baada ya hapo kuna tangazo.

Nikamuuliza, na binti yangu? Akasema, Injinia ni msomi, atapata kazi popote. Kisha akaona amesema vibaya, akasema hakuna anayemfukuza mtu, ila kampuni inahitaji watu wanaoelewana na wenzao. Akaomba chai zaidi.

Nilitaka kumwambia atoke. Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Nikasema: Nitafikiri, Bwana Meneja. Nikamsindikiza hadi langoni! Nikamshukuru kwa mkate!

Mkate nimempa jirani. Nisingeweza kuumeza.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Leo mchana tumezungumza, mimi na binti yangu. Alikuwa akipiga pasi ovaroli yake ya kesho. Yeye yuko zamu. Amekataa kutia sahihi lakini hakukataa kwenda kazini, kwa sababu anasema wale vijana hawana mwingine.

Nikamwambia nimefikiri. Nitakwenda. Nitakaa mbele ya kibibi cha maji, na lolote likitokea nitagonga, na yeye atakuwa salama nyuma yangu.

Hakuinua macho. Akasema: Ukija, Baba, wataiwasha. Usipokuja, hawana cha kumwonyesha mkaguzi, na vipya vitanunuliwa wiki hii kwa sababu kiwanda hakiwezi kukaa baridi.

Na wakiiwasha hivyohivyo, bila mimi?

Akaigeuza ovaroli upande wa pili. Akasema, basi nitakuwemo ndani.

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke. Nikaona nimeshika ukingo wa meza. Nikasema, kwa hiyo unaniomba nikae nyumbani nikutazame kutoka dirishani? Nilisema kwa sauti kubwa, ya kumgombeza, sauti ambayo sijaitumia kwake tangu alipokuwa wa kwenda shule. Akasema, sikuombi kitu, Baba. Wewe ndiye unayejua kuombwa.

Hakusema kwa ubaya. Lakini limekaa kifuani kama mfupa.

Maana ni kweli. Kila aliyebisha nimemfungulia. Kila aliyeniuliza nimempa jibu alilolitaka, na nikaliita hilo malezi mema. Kesho nikienda, nitagonga, na vitaitika, na Meneja atasema mnaona. Keshokutwa atatuma gari tena. Nitakuwa nagonga mpaka nife, na siku nitakapokufa itakuwa zamu ya binti yangu.

Nimemwomba radhi kwa kupaza sauti. Akaniambia shati langu jeupe lina kifungo kinacholegea, akakishona.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Asubuhi. Ametoka kabla ya jua kupanda vizuri. Alisema, kwaheri Baba, akafunga mlango polepole.

Nimeoga, nimevaa shati jeupe na tai. Sijui kwa nini nimevaa tai.

Kutoka mezani hapa ninaiona dohani ya kiwanda juu ya mapaa. Haitoi moshi; boila bado hawajaiwasha. Mbingu nyuma yake ni safi kabisa.

Gari limefika. Nimelisikia likizima injini. Hatua za dereva, zile hatua zake za kujipangusa viatu kabla ya kufika.

Hodi, Mzee!

Ni kijana mwenye adabu. Hana kosa lolote. Anatumwa tu.

Hodi!

Katika maisha yangu sijapata kuiacha hodi ya mtu bila jibu. Hata siku ya msiba wangu mwenyewe nilikuwa nikisema karibuni, karibuni. Ulimi umeshaanza kuumba neno. Nimeuuma.

Dohani – bado.

Anasema kupitia tundu la ufunguo kwamba Meneja amepiga simu, kwamba mkaguzi ameshafika, kwamba wote wananisubiri mimi. Anauliza kama ninaumwa. Samahani, kijana. Samahani sana. Mkono wangu wa kulia umekaa juu ya daftari hili unaandika. Wa kushoto umeshika mguu wa meza, na sitauachia.

Simu nayo inalia sasa, kule chumbani. Huenda ni Meneja. Huenda ni binti yangu. Sijui wameamua nini huko ndani, na nikiinuka kuipokea nitapita mbele ya mlango, na nikipita mbele ya mlango nitaufungua. Najijua.

Imenyamaza.

Kitu kama uzi wa moshi juu ya dohani. Au ni ndege? Macho yangu si mazuri kwa mbali. Nimefuta miwani. Bado sijui.

Dereva ameacha kuita. Sasa anagonga kwa kifundo cha kidole. Mara mbili. Anangoja. Mara mbili tena.

Sijibu. Natazama dohani.